Mto Nile kwa boti la mpira: Mambo ya kujua kabla ya kwenda na familia

WAKAZI wengi wa Dar es Salaam wameyazoea maji kwa kuvuka tu. Kutoka Magogoni hadi Kigamboni ni safari ya dakika chache, na abiria huteremka bila kulowa hata viatu. Ipo, hata hivyo, safari ya majini ambayo kulowa ni sehemu ya starehe yake: kushuka mto wenye kasi kwa boti la mpira lililojazwa upepo.

Katika Afrika Mashariki mchezo huu umevuma zaidi Jinja, nchini Uganda, kilometa zipatazo 80 mashariki mwa Kampala, ambako Mto Nile hutoka Ziwa Victoria. Nchini Kenya hufanyika katika Mto Tana, eneo la Sagana, kaskazini mwa Nairobi. Safari ya nusu siku ndiyo inayowafaa wanaoanza.

Madaraja ya mto

Kasi na ugumu wa maji hupimwa kwa madaraja sita yanayotumika kimataifa. Daraja la 1 ni maji yanayotembea kwa utulivu. La 2 lina mawimbi madogo yenye njia iliyo wazi. La 3 lina mawimbi yanayoweza kumrusha mtu nje ya boti, na la 4 na la 5 huhitaji waongozaji hodari na abiria wanaotii amri papo hapo. Daraja la 6 kwa kawaida halipitwi. Katika maporomoko ya Itanda, kwa mfano, abiria hushushwa na kuipita kwa miguu sehemu iliyo hatari.

Familia yenye watoto hupelekwa katika maji ya daraja la 1 na la 2, ambako mwongozaji hupiga makasia mwenyewe na abiria hukaa wakitazama ndege na visiwa. Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi lisiwe bei, bali daraja la maji.

Msomaji asitegemee pia maelezo ya zamani. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilizamisha maporomoko ya Ripon katika miaka ya 1950. Bwawa la Bujagali, la megawati 250, liliyafunika maporomoko ya Bujagali mwaka 2011, na lile la Isimba, la megawati 183, lililozinduliwa mwaka 2019, lilipunguza tena eneo la mchezo. Umeme umepatikana, lakini mto wenye kasi umekuwa mfupi.

Jaketi kwanza

Kila abiria huvaa kofia ngumu na jaketi la kuokoa maisha. Jaketi ni lazima limbane mvaaji. Mshike mtoto wako mabegani mwa jaketi na kulivuta juu: likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno na halitamfaa. Hata anayejua kuogelea hulivaa, kwa kuwa maji ya kasi hayaheshimu ufundi wa bwawa la kuogelea.

Somo hili si la watalii peke yao. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na gati la Ukara, Ziwa Victoria, Septemba 20, 2018, watu zaidi ya 220 walipoteza maisha, ng'ambo ikiwa inaonekana. Jaketi lililofungiwa kabatini halimsaidii aliyekwisha kuanguka majini.

Ukianguka

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Mtoni, kutapatapa ndiko kunakomaliza nguvu. Lala chali, inua miguu juu ya maji ikielekea uendako mto, kisha uache jaketi likubebe. Usijaribu kusimama katika maji yaendayo kasi, hata yakiwa ya magotini, kwani mguu ukinasa kati ya mawe mkondo utakulaza kifudifudi. Ukirushiwa kamba, ishike kwa mikono miwili kifuani. Kamwe usiizungushe mkononi. Anayekuvuta ndani ya boti atakushika mabega ya jaketi, si mikono.

Kabla ya kulipa

Uliza umri wa chini unaokubalika, idadi ya kayaki za uokoaji zitakazofuatana na boti, na iwapo mafunzo hutolewa kabla ya kuondoka. Mjamzito, mwenye maradhi ya moyo au aliyefanyiwa upasuaji karibuni abaki nchi kavu. Chukua hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kwa kuwa maji ya Ziwa Victoria na Nile yana vimelea vya kichocho, umweleze daktari urudipo, hata kama hujisikii vibaya.

Kampuni inayokerwa na maswali haya imekwisha kukupa jibu. Tafuta nyingine.