Mwiko wa Cambridge Bado Unapima Digrii Yako

Wasee, story ya leo inaanza na mwiko. Ndiyo, mwiko, kama ule mathe anasongea ugali, lakini huu una urefu wa zaidi ya mita moja. Mwaka ni 1909, mahali ni Cambridge, Uingereza. Vijana wamemaliza mtihani wa hisabati na majina yanatangazwa kwa mpangilio, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Wa mwisho anaitwa Cuthbert Holthouse. Wenzake wanampa ule mwiko mkubwa wa mbao, na watu wanacheka.

Sasa shika hii: Holthouse hakuwa amefeli. Alikuwa wa mwisho kati ya waliopata digrii ya heshima. Chini yake kulikuwa na wengine waliochukua digrii ya kawaida, na hao hata kutaniwa hawakutaniwa. Hawakuwa kwa hesabu.

Nimeufikiria huo mwiko sana tangu niache chuo nikiwa mwaka wa tatu.

Kama uko chuo unajua ngazi zetu. Fasti klasi ni 70 kwenda juu, sekandi apa ni 60 hadi 69, sekandi loa 50 hadi 59, pasi 40 hadi 49. Vyuo vingi Kenya viko hivyo. Zile tatu za juu zinaitwa digrii za heshima. Pasi nayo ni digrii, ila heshima haina. Na Kiswahili kina utani wake hapa: mwanasiasa akivalishwa joho bila kukalia mtihani hata mmoja, hiyo pia tunaiita shahada ya heshima. Wewe wa pasi uliyekesha miaka minne, heshima huna.

Nani alikaa chini akaamua kwamba mtu wa 59 na mtu wa 60 ni watu wawili tofauti? Nilitaka kujua, nikaanza kusoma. Ajabu ni kwamba nilisoma hii kwa bidii kuliko nilivyosoma nikiwa darasani.

Turudi nyuma miaka 250. Oxford wakati huo mtihani ulikuwa maigizo. Kuna kisa maarufu cha John Scott, aliyefanya mtihani wake mwaka wa 1770. Inasimuliwa kwamba aliulizwa maswali mawili tu: mahali pa fuvu la kichwa panaitwaje kwa Kiebrania, na nani alianzisha chuo chake. Akajibu Golgotha, na Mfalme Alfred. Digrii hiyo! Jibu la pili hata si la kweli, ni hekaya tu ya chuo. Jamaa baadaye alikuja kuwa Lord Eldon, mmoja wa wakubwa wa sheria Uingereza nzima.

Kwa mfumo kama huo, kilichokubeba ni jina la babako. Ndiyo maana mwaka wa 1800 Oxford ilipitisha sheria mpya: mtihani wa ukweli, na anayetaka heshima aipiganie. Muda si muda wakaanza kuwapanga waliofaulu kwa madaraja. Mwaka wa 1808 Robert Peel akawa wa kwanza kupata daraja la kwanza mara mbili, kwa masomo ya Kigiriki na Kilatini na kwa hisabati. Baadaye akawa waziri mkuu.

Cambridge walikuwa wameanza mapema, katika karne ya 18. Wale wa daraja la juu waliitwa wranglers, yaani wabishi, kwa sababu zamani mtihani wenyewe ulikuwa kubishana kwa Kilatini mbele ya watu. Na hapa lazima niseme ukweli hata kama unaniuma: huo mfumo ulifungulia watu mlango. Mwaka wa 1774 aliyeongoza hisabati Cambridge alikuwa Isaac Milner, mtoto wa mfumaji nguo kutoka Leeds. Alisoma kwa mpango wa wanafunzi maskini, ule wa kuhudumia wenzake ndio karo ipungue. Akawashinda watoto wa mabwana wote.

Kwa hivyo usinielewe vibaya. Kwa nchi kama yetu, ambapo kazi nyingi zinapitia kwa mtu anayejua mtu, sekandi apa ni silaha ya mtoto asiye na mjomba ofisini. Sitaki kumnyang'anya.

Lakini mizani hiyo hiyo ilikuwa na upofu wake. Mwaka wa 1890 msichana anaitwa Philippa Fawcett alifanya mtihani wa hisabati Cambridge. Matokeo yakasomwa: yuko juu ya mwanaume wa kwanza. Digrii je? Hakupewa. Cambridge ilianza kuwapa wanawake digrii mwaka wa 1948. Alama zilikuwepo, akili ilionekana na kila mtu, lakini sheria ilikuwa imeshaamua nani anahesabika.

Sasa hii kitu ilifikaje huku kwetu? Haikuja na Oxford wala Cambridge, ilikuja na London. University of London ilipata hati yake mwaka wa 1836, na kuanzia 1858 ikaruhusu mtu afanye mitihani yake bila kusoma kwa vyuo vyake. Digrii ikawa kitu cha kusafirishwa kwa meli. Vita ya Pili ya Dunia ilipokuwa inaisha, serikali ya Uingereza ikaunda Tume ya Asquith kuangalia elimu ya juu kwa makoloni. Ripoti ikatoka 1945, na mpango ukawa kwamba vyuo vya huku vilelewe na London.

Makerere, iliyoanza 1922 kama shule ya ufundi, ikaingia kwa mpango huo mwaka wa 1949. Nairobi, chuo cha ufundi kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka wa 1956, nacho kikaingia mwaka wa 1961. Ulikuwa unasoma Kampala au Nairobi, lakini digrii ni ya London. Mtaala lazima London wakubali, mitihani lazima wapitishe, na karatasi yako ipimwe kwa kipimo chao. Ule mtahini wa nje anayekuja kukagua alama chuoni kwenu hadi leo? Ni kijukuu wa mpango huo.

Halafu uhuru ukaja. Mwaka wa 1963 Kenya, Uganda na Tanganyika zikaunda University of East Africa, Mwalimu Nyerere akiwa mkuu wake. Mwaka wa 1970 ikavunjwa, kila nchi ikachukua chake, na Mzee Kenyatta akawa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Katikati hapo kuna kitu kizito kilitokea. Oktoba 1968, watu watatu pale Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wakitaka idara ya Kiingereza ifutwe. Hoja yao ilikuwa: kwa nini Mwafrika aanze kusoma dunia kutoka Uingereza? Wakashinda. Idara ikawa ya Fasihi, fasimulizi zetu na vitabu vyetu vikaingia darasani.

Lakini angalia ni nini hakikuguswa. Kitabu kilibadilika, idara ikabadilika, jina la chuo likabadilika, bendera pia. Mizani ikabaki. Ukiandika mtihani kuhusu fasihi simulizi ya bibi yako, bado unapangwa fasti, sekandi au pasi.

Mwaka wa 1985 tukaingia 8-4-4, na darasa lake la kwanza likafika chuo kikuu 1990. Chuo kikatoka miaka mitatu kikawa minne, mtindo wa Amerika Kaskazini. Ngazi za Uingereza? Zilikaa palepale. Tulibadilisha nyumba nzima tukaacha kufuli.

Hapa sasa ndipo mimi naingia. Mwaka wa pili sikukaa mtihani mmoja kwa sababu karo ilikuwa haijaisha, na bila karo hakuna kadi ya mtihani. Nikaufanya baadaye kama marudio, ile tunaita sapu. Na sheria ya sapu ni kwamba hata ukiandika kama profesa, kwa rekodi inaingia 40. Kosa langu lilikuwa shilingi, lakini karatasi ikasema ni akili.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua mtu mwenye masomo 8. Saba amepata wastani wa 62. La nane alifanya sapu akaandika kazi ya 68, ikarekodiwa 40. Wastani wake ni 59.25, sekandi loa. Kama ile 68 ingehesabiwa, angekuwa 62.75, sekandi apa. Huyo ni mtu mmoja, kichwa kimoja, kazi ile ile. Lakini tangazo la kazi likisema "sekandi apa na zaidi", bahasha yake haifunguliwi. Hakuna mtu atampigia simu kumuuliza karo ya mwaka wa pili iliendaje.

Sijaacha chuo kwa sababu ya sapu moja. Kulikuwa na mambo mengi, mengine ni yangu mwenyewe. Lakini siku nilipiga hiyo hesabu ndiyo siku nilichoka.

Na hata wenye mizani wameanza kuitilia shaka. Oxford yenyewe, kwa miaka mingi, haikugawa daraja la pili mara mbili. Ule mpaka wa juu na chini tunaoogopa hivyo, wao waliuweka miaka ya 1980. Na mwaka wa 2007, ripoti ya kamati ya Burgess huko Uingereza ilisema wazi kwamba mfumo wa madaraja haufai tena, ikapendekeza mwanafunzi apewe ripoti kamili inayoonyesha alichosoma na alichoweza.

Sisi hata sapu hatujaomba iandikwe alama yake ya kweli. Hiyo haihitaji tume ya kutoka ng'ambo, inahitaji seneti ya chuo ikae siku moja. Komredi aliye kwa uongozi wa wanafunzi na anasoma hii, anzia hapo. Aliyekosa mtihani kwa sababu ya karo asihesabiwe kama aliyefeli.

Cambridge waliacha kutangaza majina kwa mpangilio baada ya 1909, ndiyo maana Holthouse alikuwa wa mwisho kupewa mwiko. Mwiko wenyewe umehifadhiwa chuoni kwake, St John's. Huko ni kumbukumbu. Huku bado tunausongea ugali.