Nduna mdogo na mfarakano wa Mapupo

Nduna mdogo, yaani kiongozi wa ngazi ya chini, katika jeshi la Zwangendaba, mfalme wa Wangoni, hakupokea mshahara. Cheo chake kilipimwa kwa watu aliowateka. Wengi wa manduna hao walikuwa mateka wenyewe. Kijana aliyekamatwa njiani, awe Mkalanga, Msenga au Mtumbuka, alitobolewa masikio, akaingizwa kikosini na wa rika lake, akapewa ngao ya ngozi ya ng'ombe na mkuki mfupi wa kuchomea ana kwa ana. Mateka aliowaleta yeye naye waliwekwa chini yake, na wakiongezeka alipanda daraja. J. A. Barnes, aliyewachunguza Wangoni wa Mpezeni katika miaka ya 1940, aliona siri ya taifa hilo hapo: kila kundi lililokua liligawanyika na kuzaa jingine.

Udhaifu wa taifa hilo ulikuwa hapo hapo. Kila nduna alihesabiwa chini ya nyumba fulani ya kifalme, kwa hiyo ugomvi wa wake za mfalme ulikuwa ugomvi wa jeshi zima.

Wangoni walitoka kusini baada ya Shaka, mfalme wa Wazulu, kuwashinda Wandwandwe waliokuwa wakubwa wao, wakavuka Zambezi Novemba 1835 siku jua lilipopatwa, wakaingia Ufipa, nchi ya ng'ombe na malisho, mwanzoni mwa miaka ya 1840.

Kuhusu chanzo cha ugomvi wa nyumba hizo, kisa cha pombe ndicho kinachosimuliwa zaidi. Nyumba iliyotarajiwa kutoa mrithi ilimpelekea mfalme pombe, na ndani yake ukaonekana unywele. Zwangendaba akashuku uchawi, akaamuru watu wa nyumba ile wauawe. Gwaza Jele aliyetumwa akakaidi, akamficha mke mmoja wa nyumba hiyo, naye akamzaa Mpezeni. Heshima ya nyumba kuu ilikuwa imekwisha kuhamia kwa mama yake Mbelwa, mwana mwingine wa mfalme. Unywele mmoja, na maelfu ya watu wakajikuta pande mbili.

Zwangendaba alifia Mapupo, Ufipa, mwaka unaotajwa sana ukiwa 1848. Warithi walikuwa bado vijana. Ntabeni alishika usukani kwa niaba yao akiegemea upande wa Mbelwa, kisha naye akafa. Nduna mdogo hakuulizwa nani ana haki: alifuata nyumba iliyomlea, pamoja na wake zake, ng'ombe na mateka, hata kama rafiki wa kikosi chake alielekea kwingine. Kundi lililoitwa Watuta lilikwenda kaskazini hadi Unyamwezi. Mgayi, aliyeshika usukani baada ya Ntabeni, aliwaongoza wengi kurudi kusini. Alipofariki, Mpezeni na Mbelwa wakaachana. Kundi la Zulu Gama lilishika njia ya mashariki ya Ziwa Nyasa.

Wangoni walipoondoka, Wafipa walijijenga upya chini ya watawala wa Nkansi na Lyangalile. Joseph Thomson alipopita mwaka 1880 aliwasifu kwa amani na kilimo chao.

Katika tawi la mashariki la Wangoni alitokea Songea Mbano, nduna wa ukoo wenye asili ya Kishona, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 baada ya vita vya Maji Maji. Mji unaitwa kwa jina lake, una makumbusho, na kila Februari mashujaa hukumbukwa kwa heshima wanayostahili. Mapupo, ambako safari ya manduna hao iligawanyika, hutajwa kwa mstari mmoja tu, na ni aibu kwa Ufipa yenye historia nzito kiasi hicho.