Ramani si pambo la kitabu, ni chombo cha utafiti wa lugha

WANAFUNZI wengi wa isimu huichukulia ramani ya lahaja za Kiswahili kama pambo tu la kitabu. Hukariri kwamba Kiamu kiko huku, Kimvita kule, Kiunguja kusini zaidi, kisha hufunua ukurasa. Mtihani ukiisha, ramani nayo imekwisha. Hebu leo tuitazame kwa jicho jingine. Katika taaluma nyingi, ramani haikuwa picha ya jambo lililokwisha kujulikana, bali njia ya kuuliza.

Tuanze na tiba. Mnamo 1854 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 600 katika eneo la Soho, London. Madaktari wengi wa enzi hiyo waliamini kwamba ugonjwa huo huenezwa na hewa chafu. Daktari John Snow alishuku maji. Alifuatilia vifo nyumba kwa nyumba, na katika ramani aliyoichapisha mwaka uliofuata, kila kifo kilikuwa na alama yake. Alama zilijazana karibu na bomba la Broad Street. Jambo la kuzingatia zaidi, hata hivyo, ni pale ambapo alama hazikuwapo. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa jirani na bomba hilo walinusurika, maana walikuwa na kisima chao na bia yao. Pengo hilo nalo lilikuwa ushahidi.

Huku kwetu Afrika Mashariki, daktari mpasuaji Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliwapokea watoto waliovimba mataya kwa saratani. Hakujifungia wodini. Alizitumia hospitali nyingi barani barua zenye picha, akiuliza kama wameuona ugonjwa huo. Mwishoni mwa 1961, yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakasafiri yapata kilomita 16,000 hadi kusini mwa Afrika, wakipita hospitali baada ya hospitali. Ramani iliyopatikana ilionyesha ugonjwa ukiandama maeneo ya joto na mvua na kuzikwepa nyanda za juu zenye baridi. Kwa kuwa mbu pia hupenda joto na mvua, ilidhaniwa kwamba kuna kirusi kinachobebwa na mbu. Kirusi kilipatikana kweli London mnamo 1964, katika sampuli zilizotoka Kampala, ila hakienezwi na mbu. Kinachoenezwa na mbu ni malaria, nayo ikimwandama mtoto mwenye kirusi hicho, humweka katika hatari ya saratani hiyo. Maelezo ya kwanza yalikosea lakini ramani haikukosea.

Wanaisimu nao wana safari zao. Mnamo 1876, Mjerumani Georg Wenker alianza kuwatumia walimu wa shule sentensi chache, akiwaomba waziandike kama zinavyosemwa vijijini mwao. Alitarajia kuona mpaka mmoja ulio wazi baina ya lahaja za kaskazini na za kusini. Wapi! Karibu na mto Rhine, mpaka wa neno ‘mimi’ ulipita mahali pamoja, wa ‘kufanya’ pengine, na wa ‘kijiji’ pengine tena. Mistari ilitawanyika kama mbavu za upepeo. Huko Ufaransa, Jules Gilliéron alimtuma Edmond Edmont, mtu mwenye sikio jepesi lakini asiye mwanaisimu, ili asije akasikia anachotarajia kusikia. Baina ya 1897 na 1901, Edmont alihoji watu katika vituo 639. Huko nako ilibainika kwamba kila neno lina safari yake.

Je, Kiswahili? Msemaji wa Kiamu na wa Kimvita wote husema ‘ndia’ pale ambapo wa Kiunguja husema ‘njia’, na ‘mato’ kwa ‘macho’. Kwa maneno haya, Mombasa iko upande wa Lamu. Lakini Kiamu husema ‘yana’, ilhali Kimvita husema ‘jana’ sawa na Kiunguja. Hapo Mombasa imehamia upande wa Unguja. Basi mpaka uko wapi? Jibu ni kwamba kila neno lina mpaka wake, na jina la lahaja ni mkoba tunaotilia mipaka mingi.

Madhara ya kuusahau ukweli huu si madogo. Mnamo 1948 Malcolm Guthrie aliziainisha lugha za Kibantu katika kanda zenye herufi. Kiswahili kilitiwa Kanda G. Kipokomo na Kigiriama, majirani zake wa tangu na tangu, vikatiwa Kanda E pamoja na Kikuyu. Kwa kupanga marejeleo, herufi hizo zina faida hadi leo. Tatizo huja msomaji anapozifanya ukoo. Mwaka wa 1993, Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walieleza kwa kina kwamba Kiswahili, Kipokomo, lugha za Kimijikenda na zile za Komoro ni ndugu wa tumbo moja, waliloliita Kisabaki. Anayetafuta asili ya Kiswahili kwa kufuata herufi pekee atawapita ndugu hao mlangoni.

Kwa hivyo, nina rai kwa wanafunzi wa uzamili na kwa walimu wa Pwani. Chagueni maneno kumi tu, mathalani ‘njia’, ‘macho’, ‘jana’ na ‘maji’. Waulizeni wazee kijiji kwa kijiji, kutoka Lamu hadi Vanga. Andikeni ni nani aliyesema, wapi, na ana umri gani. Msimsahihishe mzee, na pasipopatikana neno, liandikeni pengo hilo pia. Wenker alitegemea posta na Edmont daftari. Ninyi mna simu inayorekodi sauti na kuonyesha mahali mlipo. Kiswahili sanifu kinaingia katika kila nyumba, na vijana wa Pwani wanaosema ‘ndia’ wanazidi kupungua. Wazee wakishaondoka, mistari hiyo hatutaweza kuichora tena.