Kaske za mgongo wazi za Beyerdynamic: DT 990, DT 900 ao DT 1990?

Kama una studio ndogo hapa Kalemie, iwe ya redio, ya korale ao ya kijana anayefanya montaji ya muziki chumbani, utafika siku utatafuta kaske nzuri. Mara nyingi utaonyeshwa zile za kampuni Beyerdynamic. Ni kampuni ya Ujerumani, Eugen Beyer aliianzisha Berlin mwaka 1924, na leo iko katika mji wa Heilbronn. Mwaka 1937 ilitoa kaske inayoitwa DT 48, moja kati ya kaske za kwanza kabisa za aina tunayotumia mpaka leo.

Kabla ya kuangalia namba, elewa kwanza neno « mgongo wazi ». Nyuma ya kikombe cha sikio kuna wavu ao matundu, basi hewa na sauti vinapita. Faida yake: muziki unasikika mpana, kama vile vyombo vimesimama mbele yako, na masikio hayachoki upesi. Katika joto la huku kando ya ziwa, hiyo ya hewa si kitu kidogo. Hasara yake: sauti inatoka inje na kelele inaingia ndani. Umeme wa Bendera ukikatika na gurupu ikianza kunguruma nyuma ya ukuta, utaisikia yote. Na mwimbaji akivaa kaske ya namna hii mbele ya mikro, mikro itaokota muziki unaovuja kutoka kwenye kaske. Kwa hiyo kaske ya wazi ni ya montaji na mixage, si ya kurekodi. Ya kurekodi, kampuni hiyo hiyo iko na DT 770, ambayo imefungwa. Mwenye feza ya kaske moja tu na anarekodi sauti za watu, achukue hiyo 770, habari ya wazi aiache kwanza.

Sasa zile za wazi. DT 990 Pro ni ya zamani, jina lake linatoka miaka ya 1980, na ni ya bei ndogo kati ya hizi tatu. Ni nyepesi, gramu 250 hivi bila waya, na mito yake ya mahameli ni laini sana. Lakini tabia yake lazima uijue: besi imeongezwa, na sauti za juu zimeongezwa zaidi. Herufi « s » ya mtangazaji inachoma. Mtu asiyeizoea anapunguza zile sauti za juu kwenye kompyuta, anaona sasa ni vizuri, kisha kipindi kikipita kwenye redio ya kawaida kinasikika kama mtu anasema ndani ya blanketi. Dawa ni kusikiliza kwanza kwa kaske hiyo vipindi unavyojua vimefanywa vizuri, ili sikio lishike kipimo.

Jambo la pili kwa 990 ni ohm, na hapa ndipo watu wanapoteza feza. Ile inayojulikana zaidi ni ya ohm 250. Ilifikiriwa kwa vyombo vya studio vyenye nguvu. Ukiichomeka kwenye simu ao kompyuta ndogo, sauti itakuwa chini, na utafikiri imeharibika, kumbe ni mzima. Kwa volti ile ile, kaske ya ohm 48 inapata nguvu zaidi ya mara tano kuliko ya ohm 250. Mwenye mikseri nzuri ao kadi ya sauti yenye nguvu hana shida. Mwenye simu tu, atafute ya ohm 80 ao nyingine kabisa. Waya wake pia hautoki, umefungwa ndani ya kikombe cha kushoto. Ukikatika, ni fundi na chuma cha kulehemu.

DT 900 Pro X ya mwaka 2021 ilijibu mambo hayo mawili. Ni ya ohm 48, inakubali simu, kompyuta na mikseri bila ampli, na waya unachomoka. Sauti yake imetulia kuliko 990, ingawa za juu bado ziko kali kidogo. Inazidi uzito, karibu gramu 345. Kwa maoni yangu, kwa redio ya jamii ao studio ya mtaa, hii ndiyo inaeleweka zaidi kati ya hizi tatu. Tangu mwaka 2024 iko pia DT 990 Pro X, yenye ohm 48 na waya wa kuchomoka. Basi soma jina lote kwenye kartoni, juu herufi moja inabadilisha kaske.

DT 1990 Pro, ya mwaka 2016, inazidi mara mbili bei ya 990. Inakuja na mito ya namna mbili, moja inaongeza besi, nyingine inaipunguza kwa kazi ya kuchunguza. Inaonyesha kila kosa: pumzi, mate mdomoni, kelele ya umeme. Ni ya ohm 250, lakini MK II yake ya 2024 ni ohm 30.

Muuzaji akikuambia hii inafika hertz 35,000 na ile 40,000, usilipe zaidi kwa sababu hiyo. Sikio la kijana mwenye afya linaishia karibu 20,000, na redio ya FM inapitisha mpaka 15,000 tu. Afadhali uulize kama mito ya kubadilisha inapatikana, maana jasho na vumbi la huku vinaimaliza mbele ya kitu kingine chochote.