Fundo la Kanga: Historia ya Mbegu za Mboga Kwetu Murungu



Wengi mnatujua kwa mashela na magauni tunayoshona hapa Unguja. Leo tunaweka cherehani pembeni, tuwasimulie ya kwetu Murungu, wilayani Kibondo, mkoa wa Kigoma. Kila ikifika Agosti na Septemba tunawakumbuka bibi zetu wakifungua fundo la kanga. Ndani hamkuwa na pesa. Mlikuwa na mbegu za mboga.

Kwetu mvua hukatika Mei, ikarudi Oktoba au Novemba. Mwisho wa kiangazi mashamba ya mlimani yamekauka na ghala limepungua. Hapo wanawake hushuka bondeni kwenye unyevu, wakasia mchicha, nyanya na nyanya chungu. Mchicha, ambao Kigoma wengi huuita lengalenga, huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Mahindi yanataka kama miezi minne, na muhogo mwaka mzima au zaidi. Kwa hiyo mboga ya mbegu ndiyo iliyoivusha nyumba mpaka mvua.

Na nyumba za kwetu zimevushwa mara nyingi, kwa sababu historia ya Buha ina kuhama kwingi. Miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu kutoka maeneo ya mbung'o na kuwakusanya katika makazi ya pamoja, kwa kuogopa ugonjwa wa malale. Mwaka 1972 ikaanza Operesheni Kigoma, ya kuwapeleka watu vijiji vya ujamaa. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini ni lazima kwa nchi nzima.

Dada, ukihamishwa huwezi kubeba migomba. Huwezi kubeba muhogo ulio ardhini wala bonde ulilolilima miaka kumi. Ila mbegu za mchicha za kutosha tuta zima zinaenea kwenye fundo moja la kanga. Mume alihesabu mbuzi na majembe, na mke alijua kilichomo fundoni. Wiki ya nne sufuria lina mboga, hata kama nyumba haijaezekwa.

Sisi wenyewe tumeyaona haya tukiwa wadogo. Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa, Warundi kwa maelfu walivuka mpaka, na kambi zikajaa upande wetu wa Kibondo. Walikuja wanawake kwa mama zetu wakiomba kibarua cha kulima. Wapo waliosema wasilipwe pesa, walipwe mbegu. Mama zetu walifungua fundo, wakagawa. Mwaka 2015 Warundi walikimbia tena na kambi ya Nduta ikafunguliwa upya. Mwaka 2017 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipopunguza mgao kwa kukosa fedha, bustani ndogo pembeni ya hema, hata ya kwenye kiroba kilichojazwa udongo, haikuwa pambo. Ilikuwa chakula cha watoto.

Sasa tuseme kosa letu. Tulipopata kipato tuliona mbegu za bibi ni za kizamani. Tukanunua nyanya chotara za pakiti, na kweli zilizaa vizuri. Tukakamua mbegu za matunda yale, tukazisia mwaka uliofuata. Zikatoka kila moja na sura yake, nyingine ndogo, nyingine hazikuzaa kitu. Ndiyo tabia ya chotara: mtoto hafanani na mama. Tukarudi kwa bibi kuomba mbegu, naye alikuwa ameshazeeka na fundo limebaki tupu. Ilibidi tuombe kwa jirani, kijiko kimoja.

Kwa hiyo dada, chotara panda ukitaka, lakini usiache mbegu ya asili ipotee. Acha mashina mawili matatu ya mchicha yakomae mpaka yakauke, pukuta mbegu, pepeta, anika kivulini, kisha weka kwenye chupa kavu yenye majivu. Ukisia, changanya na mchanga ili zisibanane, funika kwa udongo kidogo tu, tandaza nyasi juu, mwagilia asubuhi na jioni. Zikichipua, ondoa nyasi. Nyanya zianzie kitaluni, na baada ya mwezi hivi uzihamishe jioni jua likipoa.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mmea, kisha akala mtu, ndege au mnyama, kwake ni sadaka. Tukifikiria waliokula kutokana na fundo lile la kanga, tunaona sadaka ya bibi zetu bado inatembea.

Bibi harusi, begani utakuwa na kanga mpya. Omba kwa mama mbegu kidogo, ufunge pembeni. Hujui ni siku gani utazihitaji, wala ni nani atakuja mlangoni kukuomba.

Allah awarehemu bibi zetu na azitie baraka nyumba zenu. Aamin.