Kutoka Kaloleni hadi Tsavo: Historia ya Kazi, Makazi na Safari za Mbugani

Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyotangazwa rasmi Desemba 1946 baada ya kampeni ya miaka mingi iliyoongozwa na mhifadhi Mervyn Cowie, ndiyo iliyokuwa ya kwanza nchini Kenya, na eneo lake la takribani kilomita za mraba 117 liko karibu na mitaa ya Eastlands, upande wa mashariki wa jiji, kuliko mbuga nyingine yoyote. Katika mwongo huohuo serikali ya kikoloni ilikuwa ikijenga mtaa wa Kaloleni, mmoja wa mitaa hiyo, kwa kutumia pia nguvu za wafungwa wa vita wa Kiitaliano. Mambo hayo mawili husimuliwa kana kwamba hayahusiani, ingawa yote yalifanywa na serikali ileile iliyokuwa ikiamua nani akae wapi jijini na kwa ruhusa gani.

Mwafrika wa Nairobi alihesabiwa kuwa mgeni aliyekuja kufanya kazi. Chini ya sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume alilazimika kubeba kipande, yaani hati yenye alama za vidole na kumbukumbu za ajira yake, ambayo aghalabu ilitiwa katika kikasha cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Mtaa wa Pumwani, uliofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ulikuwa na wenyeji waliojijengea nyumba, wakiwemo wanawake wengi; lakini katika nyumba za reli za Muthurwa na Makongeni chumba kilifuata ajira, hivi kwamba aliyefukuzwa kazi alifukuzwa pia nyumbani. Kutembea kwa ajili ya kutembea tu kulimtia mtu mashakani, na wakati wa Operesheni Anvil, msako mkubwa wa serikali ya kikoloni wa Aprili 1954, maelfu ya wakazi wa mitaa hiyo walikamatwa na kupelekwa vizuizini.

Mbuga, kwa upande wake, ilipangwa kwa ajili ya mwenye gari, kwa kuwa mgeni haruhusiwi kushuka ila mahali palipotengwa. Hapo ndipo ulipokuwa ukuta halisi, hata baada ya uhuru, kwani kipande kilikuwa kimekwisha kufutwa lakini gari halikupatikana. Watoto wengi wa Eastlands waliiona mbuga kwa basi la shule, hasa baada ya Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya kuanzishwa mwaka 1968, huku watu wazima wakichangishana fedha za kukodi matatu, usafiri ulioenea zaidi baada ya Rais Jomo Kenyatta kuuondolea masharti ya leseni mwaka 1973.

Baada ya matatu, mabadiliko ya pili yalitoka baharini. Mwaka 2009 mikonga ya mawasiliano, yaani nyaya zipitazo chini ya bahari, ilifika Mombasa, na intaneti ikawa nafuu kiasi cha kuwawezesha vijana wa Buruburu, Umoja na Kayole kuuza kazi za uandishi, unukuzi na programu kwa wateja wa ng'ambo, mwanzoni wakiwa katika saiba, yaani vibanda vya intaneti, kisha wakiwa na kompyuta na bando zao wenyewe. Kwao, kazi haikuhitaji tena mahali maalumu. Barabara ya Mombasa, inayoanzia karibu na Eastlands na kupita kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, sehemu mbili za hifadhi iliyotangazwa mwaka 1948, ikawa njia ambayo mtu angeweza kuisafiria huku mshahara ukiendelea. Anayefanya hivyo hufanya kazi asubuhi akiwa Voi au Mtito Andei, ambako kuna mtandao, kisha huingia mbugani jioni.

Mwaka 2024 serikali ilianzisha kibali cha Daraja N kwa ajili ya wageni wanaofanya kazi za mtandaoni huku wakiishi Kenya. Mkazi wa Eastlands hakihitaji. Kinachomzuia bado ni gharama ya kukodi gari.