Tanzia haitumwi kwa wafiwa

Tarehe 27 Aprili 2013, Mutula Kilonzo, Seneta wa Makueni na waziri wa zamani, alikutwa amefariki nyumbani kwake Maanzoni, Kaunti ya Machakos. Maswali kuhusu chanzo cha kifo yalizagaa kabla uchunguzi wa maiti haujakamilika. Watu walitaka kujua nani, vipi, kwa nini. Waliofiwa na baba walingoja pole.

Mtu mashuhuri anapofariki, lugha nayo huenda mbio, na tanzia huchanganywa na rambirambi. Tanzia ni habari ya kifo. Rambirambi ni maneno ya kuwaliwaza wafiwa. Anayesema "natuma tanzia kwa familia" anawapelekea wafiwa habari ya msiba wao wenyewe, na hilo linaniuma kila ninapolisikia. Chimbuko la mkanganyiko si ujinga: tanzia ilitoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya kuliwaza, ila Kiswahili kililipa kazi nyingine. Ndugu yake, taazia, ndiyo iliyobaki karibu na maana ya kwanza. Ni maneno ya kumwomboleza na kumkumbuka marehemu.

Tanzania rambirambi ni hata fedha anazokabidhiwa mfiwa. Huku Ukambani mchango huo tunauita mchango tu, na rambirambi tumeiachia maneno. Basi tuyaseme kwa wenye msiba, tukiwataja: "Poleni, jamaa ya Kilonzo." Tanzia waachiwe wao waitoe kwanza.